Maswali ya Wasomaji: Kifaa cha Kutazamia Picha za Kamera za Kutega Mkiwa Porini

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu tumefunga kamera za kutega, zile zinazojipigia picha zenyewe mnyama anapopita, kwenye miti ili kufahamu wanyama wanaopita katika njia zao na wanaofika kunywa maji kijitoni. Kila tunapozitembelea tunachomoa kadi ya kumbukumbu, tunaweka nyingine, kisha tunarudi nyumbani kutazama kilichopatikana. Tatizo letu ni kwamba mara nyingi tunagundua tukiwa tumeshafika mbali kwamba kamera ilikuwa imeinama, au ilipiga majani matupu tangu siku ya kwanza. Tunataka kifaa cha kubeba kitakachotuwezesha kutazama picha na video palepale. Mmoja wetu anapendekeza kishikwambi, mwingine kompyuta mpakato, mwingine anasema simu zetu zinatosha, na tumeona pia vifaa vidogo vinavyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii. Tuchague kipi?

JIBU: Ndugu msomaji, barua yako yenyewe imetaja jambo linalopaswa kuongoza uchaguzi wenu. Kinachowaumiza si kuchelewa kuziona picha nzuri, bali ni kuiacha kamera iliyotegwa vibaya iendelee kukaa vivyo hivyo hadi safari nyingine. Kwa hiyo kifaa cha porini kina kazi moja kubwa, nayo ni kuwawezesha kuamua, mkiwa bado mmesimama mbele ya mti, kama kamera ibaki ilivyo au irekebishwe. Je, mnyama anaonekana mwili mzima au anakatwa kichwa? Tarehe na saa ni sahihi? Usiku, mwanga wa infraredi wa kamera, usioonekana kwa macho, unafika njiani, au unagonga jani lililo karibu na kuifanya picha yote iwe nyeupe? Maswali hayo hujibiwa kwa kutazama picha 20 au 30 zilizochaguliwa mchana na usiku, na hayahitaji mzipitie 3,000. Kazi ya kupanga, kuhesabu na kutambua wanyama ifanyieni nyumbani kwenye kioo kikubwa, ambako mnaweza hata kutumia programu kama MegaDetector, inayotenganisha picha zenye wanyama, watu au magari na zile tupu.

Mkishalikubali hilo, sifa nyingi ambazo wauzaji huzitangaza kwa sauti kubwa zitapoteza uzito. Hamhitaji prosesa yenye nguvu sana wala kioo chenye pikseli nyingi kupita kiasi, kwa sababu video kamili ya 1080p ina pikseli 1920 kwa 1080 tu, na megapikseli nyingi zinazoandikwa kwenye maboksi ya kamera hizi huongezwa na programu ya kamera baada ya picha kupigwa, zikizidi zile ambazo kihisi chenyewe kimezinasa. Mambo mawili ndiyo ya kushikilia: kioo kisomeke nje, na kadi ifunguke bila usumbufu.

Nianze na kioo, kwa sababu hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mwangaza wa kioo hupimwa kwa kandela kwa mita ya mraba, kipimo ambacho wauzaji hukiita niti. Kompyuta mpakato nyingi za kawaida hutoa niti 250 hadi 300, vishikwambi vingi viko kati ya 400 na 600, na simu janja nyingi za daraja la juu huvuka 1,000 zinapokuwa juani. Tatizo ni kwamba kioo kinachong'aa hurudisha machoni kama asilimia 4 ya mwanga unaokiangukia, na mnachokiona ndani yake ni taswira ya kilicho mbele yake, yaani ninyi wenyewe na anga lililo nyuma yenu. Jua la mchana humwaga takriban laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na shati jeupe lililopigwa na jua hilo hung'aa kwa niti 25,000 hivi. Asilimia 4 ya hizo ni niti 1,000. Maana yake ni kwamba aliyevaa shati jeupe na kusimama juani anaipambanisha picha ya kishikwambi chake na taswira ya shati lake mwenyewe, na taswira hiyo ina mwangaza kukizidi kioo.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia njia ya kutoka. Chini ya kivuli kizuri mwanga unaweza kushuka hadi laksi 10,000 au chini yake, na mtu aliyevaa nguo nyeusi hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga huo, kiasi kwamba taswira yake kwenye kioo haifiki hata niti 20. Hapo kioo cha niti 400 kinasomeka vizuri. Ndiyo maana ninawashauri msiongeze fedha nyingi kwa ajili ya kioo chenye mwangaza mkubwa zaidi kabla ya kujizoeza kukaa kivulini, kuvaa nguo ya rangi iliyokolea, na kukigeuza kifaa hadi kitakapokabili kitu cheusi kama shina la mti au koti lililoshikwa juu ya kichwa. Hayo si mambo ya kupuuza, hasa kwa picha za usiku. Picha hizo huwa nyeusi na nyeupe, sehemu zake kubwa ni giza, na giza hilo ndilo la kwanza kumezwa na mng'ao. Mtu akitazama juani ataapa kwamba kamera haikunasa kitu usiku ule, ilhali mnyama amesimama pale pembeni, mwili wake ukiwa wa kijivu kilichokoza na macho yake tu yakiwa yamerudisha mwanga.

Nenda nje na kifaa kabla ya kukilipia ikiwa muuzaji anaruhusu. Mwangaza wa dukani haukuambii lolote.

Jambo la pili ni kadi. Kamera nyingi za kutega hutumia kadi ya SD ya ukubwa kamili, ambayo ina milimita 32 kwa 24, ingawa baadhi ya zile ndogo hutumia microSD. Simu na vishikwambi vya kisasa havina tundu la SD ya ukubwa kamili, hivyo mtahitaji kisoma kadi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kuchajia. Chagueni chenye waya mfupi badala ya kile kigumu kinachochomoza moja kwa moja kutoka kwenye kifaa, kwa sababu kile kigumu kikigongwa kidogo hulegeza tundu la simu, na porini kugongana na matawi ni jambo la kila hatua. Kadi za hadi GB 32 ni za aina ya SDHC na hupangwa kwa mfumo wa kuhifadhi mafaili uitwao FAT32, ambao karibu kila kifaa huusoma. Zinazozidi hapo ni SDXC na kwa kawaida hutumia exFAT, ambao baadhi ya vifaa vya zamani na vya bei ya chini haviufahamu. Kama kamera zenu zinatumia kadi kubwa, ulizeni swali hilo waziwazi, wala msiridhike na jibu la kwamba kifaa kinasoma kadi zote.

Kuhusu mafaili, picha hazina shida kwa kuwa karibu zote ni JPEG. Video ndizo zenye matata. Kamera za zamani na nyingi za bei nafuu huhifadhi video katika aina ya faili iitwayo AVI, nyingine katika MOV au MP4, na baadhi ya zile zinazorekodi 4K hutumia H.265, njia ya kubana video ili faili liwe dogo, ambayo kifaa dhaifu huicheza kwa kukwamakwama au huikataa kabisa. Jaribio la kweli ni hili: chukueni kadi kutoka kwenye kamera yenu wenyewe, yenye picha ya mchana, picha ya usiku na video angalau moja ya kila aina ya kamera mliyo nayo, mkaichomeke kwenye kifaa mnachokusudia kukinunua. Hakuna maelezo ya kwenye boksi yanayoweza kuchukua nafasi ya jaribio hilo. Tena tazameni moja kwa moja kutoka kwenye kadi bila kunakili. Kisoma kadi cha USB 2.0 kina kikomo cha megabaiti 60 kwa sekunde kwenye karatasi na hupata kidogo zaidi ya nusu ya hapo kwa matumizi halisi, kwa hiyo kadi ya GB 32 iliyojaa itawachukua kama robo saa kuinakili, na muda wote huo mtakuwa mmesimama mahali ambapo harufu yenu inabaki na wanyama wanaikwepa.

Sasa nije kwenye vifaa vyenyewe. Vile vidogo vilivyotengenezwa mahsusi vinavutia kwa urahisi wake, kwa kuwa vina tundu la SD ya ukubwa kamili na havihitaji programu yoyote. Hata hivyo vingi vyao vina vioo vidogo vyenye mwangaza hafifu, hukomea kwenye kadi za GB 32, na husoma aina chache za video. Siku mtakapobadilisha kamera, huenda kifaa kikawa hakina kazi tena. Nisingevipa nafasi ya kwanza. Kompyuta mpakato ni nzuri kwa kupanga mafaili, lakini mwangaza wake ndio mdogo kuliko vyote, ni nzito, haina mahali pa kuwekwa isipokuwa mapajani, na matundu yake ya kupitishia hewa huvuta vumbi. Iacheni garini au nyumbani.

Inabaki simu na kishikwambi, na hapa ninakubaliana kwa kiasi na mwenzenu anayesema simu zinatosha. Nunueni kwanza kisoma kadi, mkitumie na simu mlizo nazo kwa ziara chache, kwa maana simu nzuri huwa na kioo chenye mwangaza kuliko vishikwambi vingi, na tayari imo mfukoni. Upungufu wake ni ukubwa. Kwenye kioo cha inchi 6, mnyama mdogo aliye mbali huwa doa, na watu wawili au watatu hawawezi kutazama pamoja bila kusongamana na kuzibiana mwanga. Mkiona upungufu huo unawarudisha nyuma, nunueni kishikwambi cha inchi 8 au 9 chenye tundu la USB-C. Ukubwa huo unashikika kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiishika kadi, na unaingia kwenye mfuko wa koti, wakati kile cha inchi 11 hubaki mkobani na hatimaye husahaulika huko.

Kiwe na kinga dhidi ya maji na vumbi ikiwezekana. Alama ya IP67 ina maana kwamba vumbi halipenyi kabisa na kifaa kinastahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, lakini kumbukeni kwamba tundu lililochomekwa kisoma kadi si tundu lililofungwa, na mvua ikianza kunyesha kazi isimame. Joto nalo lina mipaka yake: Apple, kwa mfano, huelekeza kwamba iPhone na iPad zitumike katika halijoto ya kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi, na kifaa kilichopata moto juani hupunguza mwangaza chenyewe wakati mnapouhitaji zaidi. Katika baridi kali betri hushuka ghafla, hivyo kiwekeni ndani ya koti karibu na mwili. Pawabenki ya mAh 10,000 inatosha kujaza kishikwambi kidogo mara moja na ziada kidogo, kwa kuwa sehemu ya nguvu hupotea njiani, na kwa matembezi ya siku moja hamtahitaji zaidi ya hapo.

SWALI: Ninatumia iPhone na kisoma kadi. Picha zinafunguka bila shida, lakini video za kamera yangu mojawapo hazionekani, na kadi moja huonyesha kwamba haina kitu ilhali najua ina picha. Je, kisoma kadi kimeharibika?

JIBU: Inaelekea kisoma kadi ni kizima. Programu ya Picha iliyomo kwenye simu yako hufungua aina chache tu za AVI, na ikikutana na nyingine huiacha. Fungua kadi kupitia programu ya Faili, ambayo tangu iOS 13 ya mwaka 2019 inaweza kusoma hifadhi za nje, kisha ufungulie video hizo katika programu ya VLC, inayopatikana bila malipo na inayocheza karibu kila aina ya video ambayo kamera za kutega huzalisha. Kuhusu kadi inayoonekana tupu, programu ya Picha hutafuta mafaili ndani ya folda iitwayo DCIM, ambamo kamera huyaweka kwa majina mafupi yenye namba. Mtu akiyahamisha au kuyapa majina mapya kwa kompyuta, programu hiyo huyapita kana kwamba hayapo, ingawa programu ya Faili itayaonyesha. Angalia pia tundu la simu yako kabla ya kuazima kisoma kadi cha mwenzako, kwa kuwa iPhone za hadi toleo la 14 hutumia Lightning, na kuanzia toleo la 15 la mwaka 2023 zinatumia USB-C.

SWALI: Nikivaa miwani yangu ya jua, kioo cha kishikwambi kinageuka cheusi kabisa. Nikiivua, picha zinarudi lakini jua linaniumiza macho.

JIBU: Miwani yako ni ya aina inayochuja mwanga kwa kuruhusu mawimbi ya upande mmoja tu, na mwanga unaotoka kwenye kioo cha kishikwambi nao umeshachujwa kwa upande mmoja; pande hizo mbili zikipingana, hakuna kinachopita. Kizungushe kishikwambi kutoka wima kwenda ulalo na picha itaonekana, mradi umefunga mzunguko wa kioo ili picha isijigeuze tena. Mnunuzi anayevaa miwani kama hiyo aivae siku ya kununua, akijaribu kifaa kwa wima na kwa ulalo.

SWALI: Kuna kamera zinazounganishwa na simu kwa Wi-Fi. Je, nikinunua hizo sitahitaji kifaa kingine?

JIBU: Zinafaa kwa kuangalia uelekeo wa kamera iliyofungwa juu, mahali ambapo ungelazimika kupanda, na kwa hilo ninazipenda. Kuhamisha video kwa njia hiyo ni polepole, hula betri za kamera, na umbali wake ni wa hatua chache tu. Simu nyingi pia hujitoa kwenye Wi-Fi ya kamera zinapogundua kwamba haina intaneti, kwa hiyo zima data ya simu kwanza. Zile zinazotuma picha kwa mtandao wa simu kwa kawaida hutuma nakala iliyopunguzwa, na picha kamili hubaki kwenye kadi. Kisoma kadi bado utakihitaji.

SWALI: Tulitazama kadi kwa kompyuta, tukairudisha kwenye kamera, na kamera haikurekodi chochote tangu siku hiyo. Tumekosea wapi?

JIBU: Anzeni na kitufe kidogo kilicho ubavuni mwa kadi ya SD. Kikisukumwa chini, kadi hufungwa isiandikwe, na kamera iliyowekewa kadi ya namna hiyo huonyesha ujumbe wa hitilafu kwenye kijioo chake au hukaa kimya. Kitufe hicho ni chepesi, na mara nyingine husogea chenyewe kadi inapoingizwa katika tundu linalobana. Hata hivyo kina faida, na ninashauri mkitumie kwa makusudi: kisukumeni chini kabla ya kuchomeka kadi kwenye kifaa chochote, ili kompyuta au simu isiongeze mafaili yake yaliyofichwa na ili kidole kisifute picha kwa bahati mbaya, kisha mkirudishe juu kabla kadi haijarejea kwenye kamera. Wawili wakiwa pamoja, mmoja aseme kwa sauti kwamba kadi iko wazi.

Uwezekano wa pili ni kwamba kompyuta iliipanga kadi upya kwa mfumo ambao kamera haiutambui, kwa mfano exFAT kwenye kamera inayokubali FAT32 pekee. Dawa yake ni kunakili kwanza kila kitu mnachotaka kukihifadhi, halafu kuifuta kadi kwa kutumia menyu ya kamera yenyewe. Kadi isipangwe upya kwenye simu au kompyuta.

Na kabla hamjaondoka, washeni kamera, subirini taa yake ya kuhesabu sekunde kabla ya kuanza kazi izime, kisha mmoja wenu apite mbele yake akiwa ameshika karatasi iliyoandikwa namba ya kamera, tarehe na saa ya wakati huo. Zimeni, chomoeni kadi, itazameni kwenye simu. Ikiwa karatasi inasomeka na saa iliyoandikwa chini ya picha inalingana nayo, rudisheni kadi, washeni tena, mwende. Picha hiyo itawasaidia pia nyumbani, kwa kuwa itaonyesha mahali ambapo ziara moja iliishia na nyingine ikaanzia.